Wanajua kusoma lakini hawasomi: nini humvuta mtu kwenye kitabu, na darasani tuanzie wapi?

MwalimuTumaini

Habari za kazi wadau. Naomba mchango wa wanaoshughulika na usomaji, wawe walimu, wakutubi au wazazi.

Darasa ni la sita, lina wanafunzi 46. Ukiwaandikia sentensi ubaoni karibu wote wanaitamka. Ila kitabu cha hadithi hakuna anayekigusa mpaka aagizwe, na akiagizwa anafunua kurasa huku macho yako dirishani. Vitabu vya ziada vipo kama 60, vimefungiwa kabatini ofisini ili visipotee. Uongozi umekubali kutoa dakika 20 kila siku kwa ajili ya kusoma tu. Mapendekezo yaliyoko mezani ni matatu: kumpa zawadi atakayemaliza vitabu vingi, kudai muhtasari wa kila kitabu, na kuwakalisha wote kimya kila mtu na kitabu chake.

Nina maswali mawili. Anayesoma kwa hiari yake anapata raha gani hasa? Nisipoijua sitaweza kuwaonjesha wengine. Na kati ya hayo matatu, lipi lianze na lipi liachwe kabisa?

KurasaMia

Mwalimu, vizuri umeanza na raha yenyewe. Mipango mingi ya usomaji inakwama kwa sababu walioipanga wanaamini raha ya kusoma ni kufika mwisho wa hadithi na kuondoka na funzo.

Mwaka 2011 wanasaikolojia Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld waliwasomesha watu hadithi fupi, na baadhi yao wakaambiwa mapema zinaishaje. Kujua mwisho hakukuwaharibia kitu. Kwa wastani, walioambiwa ndio waliozipenda zaidi. Kwa hiyo mtoto anayerudia kitabu kilekile mara ya nne msimnyang'anye. Kinachotokea anakijua tayari, sasa anafurahia kinavyotokea.

Kuna na hili. Victor Nell, mwanasaikolojia wa Afrika Kusini, alipima mwendo wa watu wanaosoma kwa kujiburudisha na kuchapisha matokeo yake mwaka 1988. Aligundua kuwa hawaendi kwa kasi moja: kurasa wanazozipenda zaidi ndizo wanazozisoma polepole. Wanapafikia pazuri, wanapunguza mwendo wapatafune. Sasa fikiria zawadi ya atakayemaliza vitabu vingi inamfundisha mtoto nini. Inamfundisha kukimbia hasa pale ambapo msomaji wa kweli husimama.

Raha yenyewe ina sura kadhaa. Ya kwanza ni kuzama: msomaji anajenga mahali, nyuso na sauti kichwani mwake mpaka asisikie kengele. Hali hii haiji ukurasa wa kwanza. Kurasa za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu majina ni mapya, mahali ni papya, na nani ni nduguye nani bado haijulikani. Wengi huacha kitabu hapohapo, kwenye ukurasa wa tatu au wa nne, kabla raha haijaanza. Ndiyo sababu vitabu vya mfululizo wenye wahusika walewale vinawafaa sana wasiopenda kusoma. Kazi ya kuzoeana na wahusika ilishafanyika kwenye kitabu cha kwanza, na cha pili kinaanza kwa raha moja kwa moja. Msividharau kwa kuwa ni vyepesi.

Ya pili ni kutaka kujua. Kuna watoto ambao hadithi haziwaingii kabisa, lakini ukiwapa maandishi ya nyoka, injini, nyota au mpira wanakaa nayo. Usimhesabu mtoto huyo kuwa si msomaji. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo huo walielewa na kukumbuka mengi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ukianza na somo ambalo mtoto analifahamu, unamwongezea nguvu ya kusoma papo hapo bila kumfundisha lolote jipya.

Ya tatu ni faragha. Kitabuni mtoto anakutana na hofu, wivu, aibu na huzuni za watu wengine, na anazipima na zake bila kuulizwa na mtu. Darasani hatumpi nafasi hiyo kwa sababu tunamuuliza kila kitu.

Na ya nne ni kuwa na mwenzako aliyesoma kilekile, mkabishana kama mhusika fulani alikosea au la.

Silabi_kwa_Silabi

Nakubaliana na KurasaMia, ila hayo yote yanategemea sharti moja, na hapo ndipo nina wasiwasi na darasa lako mwalimu. Kutamka sentensi ubaoni hakutoshi kusema mtoto anajua kusoma. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Akishajua silabi anaweza kutamka ukurasa mzima kwa sauti safi bila kushika hata jambo moja. Mwingine anatamka kwa kujikongoja, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ameshausahau. Kwa nje wote wawili wanaonekana hawapendi kusoma, kumbe kila mmoja ana tatizo lake.

Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili wazi mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani.

Kabla ya kugawa kitabu chochote, wapime hivi. Dakika nne au tano kwa mtoto zinatosha, na unaweza kuwamaliza taratibu ndani ya wiki mbili tatu.

Chukua kifungu cha maneno 100 ambacho hawajawahi kukiona. Kiandike nakala mbili, moja ya mtoto, moja yako. Akae nawe pembeni, wenzake wasisikie. Anaposoma kwa sauti, weka mstari mdogo chini ya kila neno alilokosea, aliloliruka au ulilolazimika kumtajia. Akijisahihisha mwenyewe usihesabu. Akimaliza, funika karatasi umuulize: habari hii inahusu nini? Nini kilitokea kwanza? Kwa nini fulani alifanya vile? Swali la kwa nini usiliache, maana hayo mengine anaweza kuyajibu kwa kurudia maneno tu.

Aliyeshindwa maswali, msomee wewe kifungu kingine cha ugumu uleule, halafu umuulize maswali ya aina hiyohiyo. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye jibu. Akielewa anaposomewa lakini haelewi anaposoma mwenyewe, shida iko kwenye kutambua maneno. Asipoelewa hata akisomewa, shida ni msamiati au hajui lolote kuhusu jambo linalozungumzwa, na mazoezi ya kutamka hayatamsaidia. Kuna na kundi la tatu: anasoma vizuri, anaelewa vizuri, hataki tu. Mawaidha ya raha ya kusoma yanalifaa kundi hilo peke yake, lakini shuleni tunawahubiria wote.

Kwa makosa, kipimo cha kawaida ni hiki. Katika maneno 100, akikosea chini ya 5 kitabu hicho anakimudu peke yake. Makosa 5 hadi 10, akisome akiwa na mtu wa kumsaidia. Zaidi ya 10, kitabu hicho kitamchosha na kumkatisha tamaa, kiweke pembeni kwa sasa. Onyo moja: usichukue vipimo vya maneno kwa dakika vilivyotengenezwa kwa Kiingereza ukavitumia kwa Kiswahili. Neno kama "hawakututembelea" limebeba sentensi nzima, kwa hiyo idadi ya maneno kwa dakika itakuwa ndogo hata kwa msomaji mzuri. Mlinganishe mtoto na alivyokuwa mwezi uliopita.

Wanaojikongoja watafaidika sana na kurudia kusoma, njia aliyoieleza S. Jay Samuels mwaka 1979. Kifungu kifupi cha maneno 50 hadi 200 kinasomwa mara tatu au nne mpaka kitiririke, ndipo wanahamia kingine. Namna ya kukifanya kwa wawili wawili:

– Msomaji imara anasoma kwanza, mwenzake anafuata kwa kidole.
– Wanasoma pamoja kwa sauti ya chini, mwendo ukiwa wa yule dhaifu.
– Dhaifu anasoma peke yake. Akikwama, mwenzake anahesabu kimoyomoyo hadi tano, ndipo anamtajia neno. Hamcheki, hamfundishi silabi, anamtajia tu waendelee.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. Kumpanga wa kwanza darasani na wa mwisho ni moja: pengo likiwa kubwa mmoja anachoka, mwingine anaona haya. Panga wanaokaribiana. La pili ni kifungu kirefu. Ukurasa mzima ukirudiwa mara nne ni adhabu, aya mbili zinatosha.

Halafu tafadhali, ile desturi ya kumsimamisha mtoto asome mbele ya darasa zima bila kujiandaa, wenzake wakisubiri akosee, iachwe. Kama lazima asome mbele ya watu, apewe kifungu siku moja kabla akazoee.

MkutubiWaPili

Mimi nasemea hilo kabati. Vitabu vikifungiwa ofisini havipotei, ni kweli, lakini havisomwi. Vitoe wiki hii.

Vitabu 60 kwa wanafunzi 46 ni vichache, ila kwa kuanzia vinatosha ukivipanga. Gawa darasa makundi sita, manne ya watoto wanane na mawili ya saba. Tafuta maboksi sita ya katoni, kila moja liingie vitabu 10. Changanya ugumu ndani ya kila boksi: vitatu vyembamba vyenye picha, vinne vya kati, viwili virefu, na kimoja kisicho hadithi. Vipange majalada yakitazama mbele, kimoja nyuma ya kingine. Migongo haifai hapa, kwani vitabu vyembamba vikionyesha mgongo jina halisomeki. Baada ya wiki mbili boksi la kundi la kwanza linakwenda la pili, la pili linakwenda la tatu, na kuendelea. Maboksi sita kwa wiki mbili mbili ni wiki 12, muhula mzima kila kundi linaona vitabu vipya bila kununua hata kimoja.

Vitabu 10 kwa watoto wanane vinaacha uchaguzi mdogo sana, kwa hiyo ongeza vitu vingine ndani: kurasa za magazeti zenye habari za michezo na sayansi zilizogundishwa kwenye kadi ngumu, mashairi mafupi, vitendawili, katuni, na vijitabu walivyoandika wenyewe. Hivi vya mwisho hugombewa kuliko vya dukani, maana kila mtu anataka kuona mwenzake ameandika nini.

Kutengeneza kijitabu ni rahisi. Karatasi nne za A4 zikunje katikati pamoja, upate kurasa 16. Zungushia karatasi moja ngumu iwe jalada. Fungua, na kwenye mkunjo toboa matundu matatu: moja katikati, na mawili umbali wa vidole vitatu kutoka kila ncha. Ingiza sindano kwa ndani kwenye tundu la kati, itokee nje, rudi ndani kupitia tundu la juu, vuka la kati bila kuligusa, toka nje kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi ziwe kila upande wa ule uzi mrefu wa katikati, uzifunge juu yake. Pini za stepla hushika kutu na kukata karatasi, uzi haufanyi hivyo.

Kuhusu kuchagua: wafundishe kipimo cha vidole vitano. Mtoto anafungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, anasoma kimoyomoyo na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vitano kabla ukurasa haujaisha, akirudishe au asome na mwenzake. Lakini kipimo hiki si sheria. Mtoto anayelilia kitabu kigumu kwa sababu kinahusu kitu anachokipenda mwachie, atavumilia maneno asiyoyajua kwa ajili ya hicho anachokitafuta. Pia awe na ruhusa ya kuacha kitabu. Weka utaratibu tu: asome kurasa 10 za mwanzo, kisha kikimshinda akirudishe bila kuulizwa. KurasaMia ameshaeleza kwa nini kurasa za mwanzo zinastahili uvumilivu huo.

Kuazima: daftari moja kwa kila boksi, safu nne, yaani jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Kiongozi wa kundi anaandika, mwalimu anapitia mara moja kwa wiki. Vichache vitapotea, jiandae kwa hilo tangu mwanzo. Ukiweka faini, watoto waangalifu kuliko wote ndio wataacha kuazima kwa hofu. Majalada yavishe plastiki ngumu kabla hayajaanza kutembea, na mgongo ulioanza kuachia upakwe gundi nyeupe nyembamba, ubanwe chini ya vitabu vizito usiku kucha. Selotepu ya kawaida iepuke, baada ya muda hukauka, hugeuka manjano na kung'oka na karatasi.

MwalimuTumaini

Shukrani sana ndugu zangu, nimenakili. Bado zawadi na muhtasari. Na hizo dakika 20 zigawanyweje?

Jioni_na_Kitabu

Zawadi: mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora. La pili wakapewa cheti bila kuahidiwa. La tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu zikarudishwa darasani, kila mtu acheze na anachotaka. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakudhurika. Ahadi ndiyo iliyoharibu, kwa sababu iligeuza mchezo ukawa kazi ya malipo, na malipo yakiisha kazi nayo imeisha.

Kwenye vitabu ni hivyohivyo, na kuna la ziada: ukihesabu vitabu, watoto watachukua vyembamba tu. Ukihesabu kurasa, watafunua bila kusoma. Na ubao wa majina ya washindi unamkumbusha kila asubuhi yule anayejikongoja kwamba yuko mwisho.

Muhtasari wa kila kitabu uachwe kabisa. Mtoto akijua kila kitabu kina kazi ya kuandika mwishoni, atachelewa kukimaliza au atanakili maneno ya jalada la nyuma. Badala yake, bandika karatasi ndani ya jalada la mwisho. Anayemaliza anaandika jina lake na sentensi moja kwa atakayefuata, isiyozidi maneno 20: kinachosisimua, kinachochosha, pa kuvumilia. "Mwanzo unachosha, ukifika kisimani utaona." Anamwandikia mwenzake, hamwandikii mwalimu, na mwenzake huyo atasoma sentensi hiyo kabla ya kuchukua kitabu.

Silabi_kwa_Silabi

Kwenye zawadi naomba kutofautiana kidogo. Wale watoto wa 1973 walikuwa tayari wanapenda kuchora. Mtoto ambaye hajawahi kusoma kitabu hata kimoja hana upendo wa kuharibiwa. Kwa huyo, kitu kidogo cha kumvusha kitabu cha kwanza si kibaya, mradi kikome hapo.

Jioni_na_Kitabu

Nakuelewa, na siipingi hoja yako. Basi iwe hivi: isitangazwe mapema, isiwe ya mashindano, na ikiwezekana zawadi yenyewe iwe kusoma. Awe wa kwanza kuchagua boksi linapobadilishwa, au aazime vitabu viwili badala ya kimoja wakati wa likizo.

Sasa dakika 20. Kuwakalisha kimya peke yake hakutoshi. Jopo la Taifa la Usomaji la Marekani lilipopitia tafiti na kutoa ripoti mwaka 2000, halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaacha wanafunzi wasome kimya bila mwongozo kunaongeza ufasaha. Upande wa pili kuna kazi ya Warwick Elley na Francis Mangubhai katika shule za vijijini Fiji, iliyochapishwa mwaka 1983. Madarasa yalipewa vitabu 250 vya hadithi za kuvutia, na watoto wakasoma au wakasomewa dakika 20 hadi 30 kwa siku. Waliwazidi wenzao wa masomo ya kawaida, na faida hiyo ikaenea hadi kwenye ujuzi mwingine wa lugha. Vitabu viwe vya kuvutia, mwalimu ashiriki, na iwe kila siku.

Ningezigawa hivi: dakika 6 mwalimu anasoma kwa sauti, 11 wanasoma wenyewe, 3 wanazungumza. Vitabu viwe vimeshafika mezani kabla saa haijaanza kuhesabu. Watoto 46 wakienda kuchagua kwa pamoja, kipindi kimekwisha.

Zile dakika 6 zipewe uzito kuliko zote. Zinamfikia hata yule ambaye bado anajikongoja: anaonja hadithi iliyo juu ya uwezo wake wa kusoma, anaokota msamiati, na anasikia sentensi iliyoandikwa inavyopumua. Wa darasa la sita si wakubwa mno kusomewa.

Soma sura hiyo mwenyewe kabla ya siku. Utagundua sentensi ndefu za kukata pumzi na majina ya kuzoesha ulimi. Weka alama ya penseli mahali utakaposimama, pawe katikati ya jambo: mkono uko kwenye kitasa, barua imefunguliwa haijasomwa, mtoto ameitwa na hajaitika. Usisimame mwisho wa sura, hapo hadithi imepumzika na wao watapumzika nayo. Igizo la sauti kumi si lazima. Tofautisha wahusika wawili watatu kwa kasi tu, mmoja mwepesi wa kusema, mwingine mzito. Penye hofu punguza mwendo na sauti. Neno gumu likitokea, chomeka neno la kawaida ubavuni mwake uendelee: "alighadhabika, alikasirika sana, akatoka nje." Ukisimama kufundisha msamiati umewatoa wote hadithini. Na ukifunga kitabu usiulize maswali ya ufahamu. Kiweke mahali wanapokifikia, na karibu yake karatasi ya foleni ya majina, kwa sababu kuna watakaotaka kujua kabla ya kesho.

Siku moja kwa wiki badilisha. Badala ya hadithi inayoendelea, tambulisha vitabu vitatu vilivyomo maboksini, dakika mbili kila kimoja. Taja jina, sema mhusika anataka nini na nani anamzuia, soma aya moja kali, nyamaza. Usieleze funzo lake wala usiseme ni kizuri.

Zile 3 za mwisho, maswali mawili yanatosha: kipi kimekushangaza leo? Kuna mahali hukuelewa? La pili ni muhimu zaidi, kwa sababu linampa mtoto ruhusa ya kutokuelewa.

MwalimuTumaini

Moja la mwisho. Katika dakika 11 za kusoma wenyewe, nitawajuaje wanaojifanya wanasoma?

MkutubiWaPili

Kila mmoja awe na kikaratasi kinachokaa ndani ya kitabu kama alama. Kengele ikilia anaandika tarehe na ukurasa aliofika, basi. Kitazame bila kukitolea alama. Anayebadilisha kitabu kila siku hajapata kinachomfaa. Aliyesimama ukurasa uleule siku tatu amekwama. Na anayedai kurasa 40 kwa dakika 11 anafunua tu.

Wewe mwenyewe usisahihishe madaftari wakati huo. Ukifanya hivyo umewaambia kusoma ni kazi ya kuwanyamazisha ili ufanye mambo yako. Pita polepole, kaa na watatu kwa siku, dakika mbili tatu kila mmoja, sauti ya chini: "Nisomee hapo ulipofika, sentensi mbili tu. Huyu ni nani? Unaendelea nacho au tukutafutie kingine?" Kwa wiki tatu hivi umewapitia karibu wote. Baada ya kila mmoja andika mstari mmoja kwenye daftari lako: jina, kitabu, shida iliyopo au anachokipenda. Ukifika siku ya kubadilisha maboksi, pitia orodha hiyo kwanza, utajua kitabu gani kihamishwe boksi gani kwa ajili ya nani.